Mtoto Anapovishwa Viatu vya Chuma: Jinsi ya Kumsaidia Azoee

Katika toleo hili tunazungumza na wazazi na walezi wa watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Madaktari wanaita hali hiyo mguu kifundo. Tumeamua kuandika kwa sababu tunaona jambo moja linajirudia kliniki. Mtoto anakuja wiki baada ya wiki kufungwa plasta, mguu unanyooka vizuri, mama anashukuru Mungu, familia inafurahi. Baadaye anapewa viatu vya ngozi vilivyounganishwa kwa chuma, anaenda navyo nyumbani, na baada ya miezi michache anarudi na mguu umepinda tena. Tukiuliza viatu viko wapi, tunajibiwa: "Alilia sana, tukavivua."

Hatuandiki ili kumlaumu mtu. Kuvumilia kilio cha mtoto usiku kucha ndani ya nyumba ya turubai, jirani wakisikia kila kitu, si jambo jepesi. Tunataka kueleza kwa nini viatu hivi vina kazi kubwa kuliko plasta yenyewe, na namna ya kumsaidia mtoto avizoee.

Kwanza, mguu kifundo ni nini

Mtoto mmoja hivi kati ya kila 1,000 wanaozaliwa duniani huzaliwa akiwa na mguu mmoja au yote miwili imepinda hivi. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, karibu mara mbili. Mara nyingine hali hii inafuatana katika ukoo, mara nyingine inatokea tu kwenye nyumba ambayo haijawahi kuiona. Haitokani na laana, wala mama kuruka kaburi, wala baba kuua mnyama fulani, wala taabu za safari ya ukimbizi. Mama hakukosea kitu. Kama kuna mtu katika kijiji chenu amemficha mtoto ndani kwa sababu ya aibu, mwambieni amlete. Matibabu ni mepesi zaidi yakianza katika wiki za kwanza za maisha, lakini hata mtoto anayetembea tayari anaweza kusaidiwa.

Matibabu yenyewe hayahitaji upasuaji mkubwa. Mhudumu aliyefundishwa anaunyoosha mguu taratibu kwa mikono, kisha anaufunga plasta ngumu kuanzia vidole hadi pajani. Baada ya wiki moja plasta inatolewa, mguu unanyooshwa tena kidogo, unafungwa nyingine. Mara nyingi plasta 5 hadi 7 zinatosha. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa mshipa mgumu wa nyuma ya kisigino kwa tundu dogo sana, wakiwa wamechomwa sindano ya ganzi, halafu plasta ya mwisho inakaa wiki 3 mpaka mshipa upone ukiwa mrefu zaidi.

Njia hii ilitengenezwa na daktari Ignacio Ponseti, na wasomaji wetu wana sababu ya kumjua. Alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo (1936 hadi 1939) vilimkuta daktari kijana akitibu majeruhi. Upande wake uliposhindwa, alisaidia kuvusha majeruhi kwenye milima ya Pyrenees hadi Ufaransa, akaenda Mexico, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani, ambako alifanya kazi hadi uzee wake. Alifariki mwaka 2009. Kwa hiyo matibabu haya yametoka kwa mtu aliyekimbia vita kama sisi.

Na viatu vya chuma tunavyotumia vilibuniwa hapa hapa Uganda. Michiel Steenbeek, akifanya kazi katika kituo cha Katalemwa Cheshire Home mjini Kampala, alitengeneza aina ya viatu ambayo fundi viatu na fundi wa kuchomelea vyuma wanaweza kuitengeneza kwa ngozi, ubao mwembamba na nondo ya kawaida. Leo aina hiyo inatumika katika nchi nyingi.

Kwa nini avishwe na mguu umeshanyooka?

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Mguu ukishatoka kwenye plasta unaonekana umepona kabisa. Baba anauliza, na ni swali la haki: kama amepona, viatu vya nini?

Jibu ni kwamba mguu umenyooka lakini mwili wa mtoto haujaacha tabia yake. Nyama na mishipa ile iliyouvuta mguu ndani akiwa tumboni bado inaendelea kuuvuta, hasa katika miaka ya kwanza mtoto anapokua haraka. Ni kama mti mchanga ulioinama ukaufunga kwenye kijiti. Ukitoa kijiti mapema, unarudi ulikokuwa. Viatu hivi ndivyo kijiti chenyewe. Vinashika mguu ulioponywa ukitazama nje, kwa nyuzi 60 hadi 70, na kama mguu mwingine ulikuwa mzima, wenyewe unatazama nje kidogo tu, nyuzi 30 hadi 40. Kile chuma cha katikati ndicho kinachoshika pembe hizo. Kiatu kimoja peke yake bila chuma hakifanyi kazi, kwa hiyo msivitenganishe hata kama mguu mbovu ulikuwa mmoja.

Madaktari wa Iowa waliripoti kwamba katika familia zilizofuata maagizo ya viatu, mguu ulirudi kupinda kwa watoto 6 hivi tu kati ya 100. Katika familia zilizoviacha, ulirudi kwa zaidi ya 80 kati ya 100. Ukirudi, mtoto anaanza tena plasta. Safari za hospitali zinaanza tena, na nauli, na siku za kuacha shamba na watoto wengine nyumbani.

Saa ngapi, na mpaka lini

Miezi 3 ya kwanza, mtoto anavaa saa 23 kwa siku. Ile saa moja inayobaki ni ya kuoga, kufuliwa soksi na kunyooshanyooshwa miguu. Baada ya miezi hiyo mhudumu atapunguza saa, mpaka abaki kuvaa usiku na anapolala mchana, jumla saa 12 hadi 14. Hivyo ndivyo inavyoendelea mpaka afike miaka 4, wengine 5.

Ndiyo, ni miaka mingi. Lakini angalia vizuri: kuanzia mwezi wa nne na kuendelea, mtoto anacheza mchana bila viatu hivi, anatambaa, anatembea peku au kwa viatu vya kawaida kama wenzake. Usiku tu ndipo anapovaa. Na kama unaogopa kwamba vitamchelewesha kutembea, watoto waliovaa hukaa, hutambaa na hutembea, pengine mwezi mmoja au miwili baada ya wenzao.

Siku za mwanzo

Siku mbili tatu za kwanza ndizo ngumu. Mtoto alizoea kurusha miguu mmoja mmoja, sasa akirusha mmoja mwingine unafuata. Anashangaa, anakasirika, analia. Kilio hicho mara nyingi si cha maumivu, ni cha kitu kigeni. Sasa, ukimvua kila anapolia, unamfundisha somo moja ambalo hatalisahau: nikilia vinatoka. Kesho atalia zaidi. Mtoto ambaye hakuvuliwa, kwa kawaida baada ya siku chache anatulia.

Kinachosaidia sana ni kucheza naye akiwa amevaa. Mlaze chali, shika chuma katikati, kunja magoti yote mawili kwa pamoja kuelekea tumboni, kisha yanyooshe kwa pamoja. Mwimbie huku ukifanya hivyo. Rudia mara kadhaa kwa siku. Akishagundua kwamba miguu yake inaweza kwenda pamoja, anaanza kurusha mwenyewe na kucheka. Kaka na dada zake wanaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko mtu mzima, maana wao hawachoki na mchezo.

Kabla ya kuamua kwamba analia kwa sababu ya viatu, angalia mengine: amelowa? ana njaa? ana joto mwilini? Katika kambi yenye malaria, mtoto mwenye homa apelekwe zahanati, na usiseme ni viatu tu. Akilazwa, mwonyeshe muuguzi viatu na umweleze saa za kuvaa, maana si kila muuguzi wa wodi anavijua.

Kuvisha vizuri

Kiatu kilichovaliwa vibaya ndicho kinachotoa malengelenge, na malengelenge ndiyo yanayomfanya mama aache. Kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mvishe soksi ya pamba inayofika juu ya kiatu, isiyo na mikunjo. Kama hakuna soksi, kitambaa laini cha pamba kilichofungwa bila mikunjo kinafaa. Anza na mguu uliokuwa umepinda zaidi. Kunja goti lake, sukuma kisigino chini mpaka kiguse unyayo wa kiatu, ushike hapo kwa kidole gumba huku mkono mwingine ukikaza mkanda wa juu ya mguu. Kisha funga kamba. Viatu hivi vina tundu dogo upande wa kisigino. Chungulia hapo: kisigino kinatakiwa kuonekana kimekaa chini. Kama hukioni, kimepanda, fungua uanze upya. Njia nyingine ni kuchora mstari ndani ya kiatu mahali vidole vinapofika siku ya kwanza kisigino kikiwa chini. Siku nyingine ukiona vidole viko nyuma ya mstari, ujue kisigino kimeteleza.

Wazazi wengi hulegeza kamba kwa huruma. Huruma hiyo inaumiza. Mguu unaoteleza ndani ya kiatu kilicholegea ndio unaochubuka. Kaza vizuri, bila kukata damu: vidole viwe na joto na rangi yake ya kawaida. Mtoto mjanja anayejua kujifungua, mfungie fundo kwa nyuma asilifikie.

Katika siku za kwanza angalia ngozi mara kadhaa kwa siku. Wekundu kidogo unaopotea baada ya muda mfupi ni wa kawaida. Wekundu mkali, hasa nyuma ya kisigino, unaonyesha kwamba kiatu hakikukazwa vya kutosha. Usipake mafuta wala losheni mahali hapo, kwa sababu ngozi inalainika na kuchubuka zaidi. Kukiwa na lengelenge au kidonda, njoo kliniki siku hiyo au kesho yake, usingoje tarehe ya kadi. Usikae na viatu nyumbani wiki tatu ukisubiri kidonda kipone. Muda huo unatosha mguu kuanza kurudi.

Maisha ya kambini na chuma katikati ya miguu

Wazazi wanatuuliza mambo ambayo vitabu vya daktari haviandiki, na haya ndiyo majibu tuliyokusanya kutoka kwa wazazi wenyewe.

Kumbeba mgongoni. Miguu haiwezi kuzunguka kiuno chako wakati chuma kipo, na ukilazimisha chuma kitawaumiza wote wawili. Katika ile miezi 3 ya mwanzo mbebe kifuani au ubavuni kwa kitenge, miguu yote miwili ikiwa upande mmoja. Ukienda kisimani au shambani, ni vizuri abaki na mtu nyumbani kuliko umvue ili umweke mgongoni. Baada ya miezi hiyo shida inaisha, kwa sababu mchana hana viatu.

Kunyonyesha. Chuma kinagonga tumbo la mama. Mshike mtoto chini ya kwapa, miguu yake ikielekea mgongoni kwako, au lala ubavu.

Kulala. Katika nyumba nyingi watoto wanne wanalala mkeka mmoja, na yule mwenye chuma anawapiga wenzake teke usiku. Zungushia chuma kipande cha blanketi kuukuu au kitenge, ufunge kwa kamba. Hilo linazuia pia chuma kisitoboe chandarua. Mlaze pembeni. Blanketi lisimbane miguuni.

Nguo na nepi. Gauni au shati refu ni rahisi kuliko suruali, hata kwa mvulana. Nepi inafungwa bila kuvua viatu.

Mvua na matope. Ngozi ikilowa inakuwa ngumu na kupasuka. Futa kwa kitambaa kikavu na uanike kivulini, kamwe si juu ya jiko wala kando ya moto. Mara kwa mara angalia kama skrubu zimelegea. Ila usijaribu kugeuza pembe ya viatu, hata kama unaona "vimepinda sana nje". Wala fundi wa sokoni asiviguse bila kliniki kujua.

Bibi na huruma yake

Tuseme ukweli, mara nyingi si mama anayevua viatu. Ni bibi, nyanya, koko, kila mtu na jina lake. Anamwona mjukuu amefungwa chuma na moyo unamuuma. Usiku mama akilala, bibi anafungua. Asubuhi anafunga tena kabla mama hajaamka. Hatugombani na bibi zetu, wamelea watoto wengi kabla yetu. Tunaomba jambo moja: siku ya kliniki mlete pia. Akiambiwa na muuguzi mwenyewe, akavishwa kazi ya kuangalia tundu la kisigino kila jioni, anakuwa mlinzi mkubwa wa viatu kuliko wote.

Akina baba vilevile. Mtoto ambaye baba yake anajua kumvisha hakosi viatu siku ambayo mama ameenda kupanga foleni ya chakula tangu alfajiri.

Akishakuwa mkubwa

Mwaka wa pili na wa tatu unakuja na kilio cha aina nyingine. Sasa ana maneno. "Sitaki." "Mbona Fulani havai?" Hapa kinachosaidia ni utaratibu usiobadilika: kula, kuoga, viatu, hadithi, kulala. Kila siku hivyo hivyo, bila mjadala na bila kumwomba ruhusa. Ukivisha leo na kesho ukiacha, kila jioni itakuwa vita. Lakini mwachie uamuzi katika mambo madogo: mguu upi uanze, soksi ya rangi gani, nani afunge kamba. Mtoto wa kitambaa mwenye kijiti kati ya miguu naye anaweza kulala "amevaa". Usitumie viatu kama adhabu, usiseme "ukikosea nitakuvisha chuma." Na ndugu zake wasimtanie mbele yako ukanyamaza.

Mweleze kwa maneno yake: miguu yako ilizaliwa inatazamana, sasa imejifunza kutazama mbele, na viatu vinaikumbusha usiku. Watoto wanaelewa zaidi ya tunavyodhani.

Lini urudi kliniki

Rudi baada ya wiki 1 au 2 tangu kupewa viatu, kisha mwisho wa miezi 3, halafu kila baada ya miezi 4 hivi kama kadi inavyoonyesha. Mtoto anakua, na viatu havikui naye. Vidole vikianza kujikunja juu ya ukingo wa kiatu, ni wakati wa saizi nyingine. Viatu vya zamani virudishe kliniki, vitamfaa mtoto mwingine. Usivigawe mwenyewe, kwa sababu pembe za mtoto wako huenda si za mtoto wa jirani.

Usingoje tarehe kama kisigino kinakataa kushuka hata ukivisha kwa makini, au kama unaona unyayo umeanza kugeuka ndani, au kama mtoto anayetembea ameanza kukanyagia upande wa nje wa mguu. Dalili hizo zikigunduliwa mapema, mara nyingi plasta mbili au tatu zinatosha kuurudisha. Kama viatu vimepotea au vimeibwa, sema tu. Hutagombezwa.

Familia inayohamishwa kwenda makazi mengine, inayorudi nyumbani au inayopelekwa nchi ya tatu, ipite kliniki kabla ya safari. Mtapewa maandishi yanayoonyesha matibabu yalipofikia na, ikiwezekana, viatu vya saizi inayofuata. Kongo, Rwanda, Burundi, Tanzania na Kenya zote zina kliniki zinazotumia njia hii, na mhudumu wa huko akisoma karatasi hiyo ataendelea pale tulipoishia. Siku ya safari viatu vikae miguuni mwa mtoto au katika mfuko unaoshika mkononi, si katika mizigo inayopakiwa kwenye lori.

Kama hujui siku ya kliniki ya miguu katika zoni yako, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako. Njoo na kadi ya mtoto, viatu vyenyewe, na soksi safi jozi mbili.